Shabiki wa Taratibu

Mama mdogo wangu ni fundi wa viti. Anashona viti vya magari, makochi ya watu, na mara mojamoja kiti cha daktari wa meno. Karakana yake ina milango miwili ya bati, meza ndefu ya kukatia, cherehani nzito inayounguruma kama paka mwenye mafua, na sponji zilizopangwa mpaka darini. Mgeni akiingia hupiga chafya kwanza, kisha ndipo anasalimia.

Ukutani juu ya cherehani pana picha moja tu. Imekatwa gazetini na kubandikwa kwa gundi ileile ya sponji, kwa hiyo haitatoka mpaka ukuta ubomoke. Inamwonyesha dereva wa mbio za magari amesimama kando ya gari lililojaa tope hadi paani, anafuta kioo cha mbele kwa leso. Madereva wengine wakipigwa picha hurusha kofia au hupanda juu ya gari. Huyu anafuta kioo. Watu walimwita Taratibu.

Jina hilo walimpa kwa kebehi. Enzi zile kipenzi cha watu alikuwa dereva mwingine aliyeitwa Radi, ambaye gari lake lilikuwa likipita unaona vumbi tu, na mara nyingine unaona gari lenyewe likiwa juu ya mti. Taratibu alikuwa hashindi. Alikuwa anafika. Wa nne, wa sita, wa tatu, wa tano. Miaka nenda miaka rudi, mama mdogo alikuwa shabiki wake, na nadhani kulikuwa na vipindi alikuwa shabiki wake peke yake.

Ilianza akiwa na miaka kumi na mmoja. Babu, baba yake, alikuwa dereva wa greda, lile gari refu lenye kisu tumboni linalosawazisha barabara za udongo. Mwaka huo mashindano yalipangwa kupita kwenye barabara aliyoichonga yeye mwezi mzima, asubuhi mpaka jioni, vumbi kichwani kama unga. Siku ya mbio alimchukua binti yake wa mwisho, wakapanda hadi kwenye kona moja kali iliyozunguka kilima, wakakaa upande wa juu pasipo na hatari.

"Leo utaona watu wazima wakiniharibia kazi," babu alimwambia.

Kweli waliiharibu. Radi alikuja kiubavu, matairi yakachota udongo wa ukingoni na kuumwaga bondeni, watu wakashangilia kama wamepewa zawadi. Babu akashika kichwa. Gari la pili likafanya vilevile. La tatu likala hadi mfereji. Kisha likaja gari jeupe lenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Lilipunguza mwendo mapema, likaingia kwenye kona kwa adabu, na lilipokwisha kunyooka ndipo likakaza mwendo likaenda zake. Ukingoni halikudondoka hata bonge moja. Watu wakanyamaza, wengine wakacheka. Babu alisimama, akavua kofia.

"Umemwona huyo? Kona yangu ameiacha kama alivyoikuta. Huyo ndiye dereva."

"Amekuwa wa ngapi, baba?"

"Hayo sijui, na wala hayanihusu."

Babu hayakumhusu, lakini binti yake yalimkaa moyoni. Jioni alimsumbua jirani mwenye redio mpaka akaambiwa: wa saba. Tangu siku hiyo hakuwahi kukosa kujua. Ukimwuliza leo Taratibu alikuwa wa ngapi mwaka wa mafuriko, hafikirii mara mbili: "Wa nne. Dakika sita nyuma, na kioo cha kushoto kimepasuka." Tarehe ya harusi yake mwenyewe huwa anaikosea.

Na hiyo harusi yenyewe, Mungu ana mizaha, alifunga na shabiki wa Radi.

Baba mdogo ni kinyozi. Chumba chake cha kunyolea kimepakana na karakana ya mkewe, na ukuta kati yao ni mwembamba, kwa hiyo ugomvi wao kuhusu magari huendelea bila mtu yeyote kuacha kazi. Wateja wa pande zote mbili wameshazoea.

"Huyo Taratibu wako," baba mdogo hupaza sauti huku mashine inamlia mkononi, "akifika, wenzake wameshaoga!"

"Na Radi wako akifika, anafika kwa machela!"

"Bora machela kuliko usingizi!"

Mteja aliyenyolewa nusu kichwa hana la kufanya ila kusubiri hoja ziishe.

Taratibu alishinda mara moja tu maishani mwake, na mama mdogo hakuwepo. Ndilo jambo linalomkera hadi leo, ingawa siku hizi analisimulia kwa kucheka. Mvua ilinyesha siku tatu. Radi alizama kwenye mtaro asubuhi na mapema, wengine wakanasa kwenye tope mmoja baada ya mwingine, na gari la Taratibu likapita katikati yao kama mtu anayepita sokoni na kikapu cha mayai. Wakati huo mama mdogo alikuwa amelala kwenye wodi ya wazazi, uchungu umemshika tangu alfajiri. Baba mdogo alikuwa kwenye baraza nje ya wodi, redio ndogo ameibana sikioni, muuguzi anamfukuza kila baada ya dakika kumi na yeye anarudi.

Mtoto alizaliwa saa tisa mchana. Dakika chache baadaye mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Mke wangu, umeshinda!" baba mdogo akapaza sauti. "Ameshinda! Dakika kumi na mbili mbele!"

"Ni wa kike," muuguzi akamsahihisha. "Kilo tatu na robo. Na upunguze sauti, hapa si uwanjani."

Mama mdogo akaanza kulia. Muuguzi akampangusa machozi, akamwambia furaha ya mtoto wa kwanza haina mfano. Mama mdogo hakumsahihisha, ila alipoyasimulia haya miaka mingi baadaye alikiri kuwa nusu tu ya machozi yale yalikuwa ya mtoto. Huyo mtoto, ambaye nyumbani tunamwita Kombe, sasa ni mpimaji wa ardhi, mtu mzima mwenye watoto wake, na kila akija lazima amchokoze mama yake: "Mama, ilikuwa nusu kubwa au nusu ndogo?"

Baada ya hapo Taratibu aliendesha miaka mingine minane, akastaafu kimya kimya. Radi naye alistaafu, kwa kelele. Mbio ziliendelea na vijana wapya, magari mapya, na mama mdogo akaendelea kwenda kuangalia, lakini alikuwa akienda kama mtu anayehudhuria ibada kwenye nyumba aliyohama mchungaji wake.

Sasa, mwaka jana, siku ya Jumanne asubuhi, mimi nilikuwa karakanani. Nilikuwa nimepeleka kiti changu cha ofisini kilichotoboka. Pikapu ikasimama nje, akashuka mzee mfupi, mnene kidogo, anayechechemea. Akafungua nyuma, akakumbatia kiti kimoja cha gari, kile cha mashindano chenye mabega kinachomkumbatia dereva, akaja nacho mlangoni.

"Hodi hapa. Nimeambiwa kuna fundi asiyeharakisha."

Mama mdogo alikuwa ameinama mezani na chaki mkononi. Hakuinua kichwa mara moja. Niliona tu chaki imesimama. Sauti ile alikuwa ameisikia redioni miaka ishirini na zaidi.

"Karibu," akasema hatimaye. "Kiweke hapo mezani. Kiti cha nani?"

"Changu. Nilikuwa naendesha endesha, zamani kidogo."

"Zamani kidogo," mama mdogo akarudia.

"Ngozi imechanika, na sponji imekuwa kama mkate wa juzi. Gari lenyewe nimelifufua. Mwezi ujao kuna maonyesho ya magari ya kale, nataka nilizungushe mara moja kabla sijafa."

"Usife, bado sijaanza kazi. Nikuandikie jina gani?"

Akataja majina yake yote matatu. Mama mdogo aliyaandika kwenye kikaratasi herufi kwa herufi, uso mkavu, kama mtu asiyewahi kuyasikia tangu azaliwe, na picha ya mwenye majina inamwangalia kutoka ukutani. Mzee hakuinua macho kutazama ukuta. Alisema atarudi Ijumaa, akaaga, akaondoka.

Pikapu ilipopotea ndipo mama mdogo akaketi chini, sakafuni kabisa, kwenye vipande vya sponji.

"Mama mdogo, mbona hukumwambia?" nikamwuliza.

"Nimwambie nini? Kwamba namjua kuliko shemeji zangu? Angekichukua kiti chake akakimbia."

Habari ilipenya ukutani. Baba mdogo akaja na mkasi mkononi, akakitazama kiti, akakizunguka, kisha kabla hatujamzuia akakikalia. Akashika usukani wa hewa.

"Kizuri," akasema. "Kinaleta usingizi, kama nilivyodhani."

Mama mdogo alimfukuza kwa rula ya chuma hadi kwenye chumba chake cha kunyolea. Yeye mwenyewe hakukikalia, wala siku ile wala siku nyingine.

Kazi alianza kesho yake. Alifumua mishono mmoja mmoja kwa wembe, akaondoa ngozi bila kuichana zaidi ili aitumie kama kipimo, akafikia sponji. Upande wa kushoto, chini ya nyonga ya dereva, akakuta kitu ambacho si cha kiwandani. Lilikuwa taulo la kijani, limekunjwa mara nne, limeshonewa kwenye turubai kwa uzi mweupe. Mishono ilikuwa mikubwa na imepinda, kazi ya mtu asiyejua kushona ila ameamua.

Alinipigia simu jioni ile, sauti yake imebadilika. "Unakumbuka nilivyokusimulia mwaka ule mmoja Taratibu alipopinduka? Mwaka uliofuata alikuwa wa tano, wa sita, wa tano, na redioni wakasema gari lina kasoro. Nami nikawaambia watu miaka yote hii kwamba gari lilikuwa na kasoro. Gari halikuwa na kasoro yoyote. Ni nyonga. Alikuwa anaendesha amekaa upande."

Ijumaa mzee alipofika, nami nimekuja kufuata kiti changu, sponji mpya ilikuwa imeshachongwa na ngozi mpya imeshakatwa, lakini kiti kilikuwa hakijafungwa. Taulo lilikuwa mezani.

"Hili nilitoe au nilirudishe?" mama mdogo akauliza.

Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. "Lirudishe, tafadhali. Ukilitoa nitalala nje. Ni kazi ya mke wangu hiyo. Alinishonea nilipotoka hospitali."

"Alikuwa anakuja kukuangalia?"

"Hata siku moja. Tena alinipa sharti. Msoma njia wangu, yule anayekaa pembeni na kuniambia kona inakuja, alikuwa kaka yake. Mke wangu akaniambia, 'Nimekupa kaka yangu mzima, unirudishie mzima.' Basi. Ukiwa na sharti kama hilo utaruka wapi?"

Mama mdogo akatunga uzi kwenye sindano.

"Na tena," mzee akaendelea, sasa ananong'ona kana kwamba shemeji yake yuko nyuma ya mlango, "tumbo lake lilikuwa halimudu. Ukimrusha kwenye kona, anatapika kwenye karatasi za njia. Akitapika kwenye karatasi, wote wawili hatujui tunakokwenda. Ikabidi niendeshe kama nimebeba maziwa."

Ningependa kusema kwamba mama mdogo alicheka papo hapo. Hakucheka. Aliinama akaanza kulishona lile taulo mahali pake kwa sindano yake iliyopinda kama kucha, akishika matundu yaleyale ya zamani. Maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba yule mtu aliendesha vile kwa sababu ya hekima fulani, heshima kwa barabara, na kumbe lilikuwa tumbo la shemeji. Alishona mishono kama kumi hivi.

"Mzee wangu," akasema bila kuinua kichwa, "baba yangu alikuwa dereva wa greda." Akamsimulia habari ya kona, na magari matatu yaliyotangulia, na kofia.

Mzee alisikiliza mdomo wazi. Aliposikia habari za kuvuliwa kofia, alivuta kigoda akaketi. Ndipo alipoinua macho akaiona picha.

"Ala," akasema.

"Ndiyo hivyo."

"Na Jumanne ukaniuliza jina."

"Ilibidi niandike risiti."

Hapo walicheka wote wawili, na ukuta nao ukacheka, maana baba mdogo alikuwa amezima mashine kitambo ili asikie vizuri. Mzee akasema angetoa zawadi yake yote ya ushindi ili akutane na mtu mmoja tu wa enzi zile aliyeona alichokuwa anafanya, hata kama sababu zenyewe zilikuwa za jikoni.

"Baba hakuijua sababu," mama mdogo akajibu. "Lakini kona aliiona. Na mimi niliiona. Haijabadilika."

Mzee akamwalika kwenye maonyesho. Msoma njia wake macho yameshafifia, kiti cha pili kiko tupu, na ingekuwa heshima kwake kama fundi angekaa pembeni yake kwenye mzunguko ule mmoja. Nilidhani mama mdogo ataruka kwa furaha. Akatikisa kichwa.

"Ahsante sana, lakini nikikaa ndani nitaona nini? Kioo na vumbi. Mimi miaka yote nimekuwa nje, nataka nikuone ukipita. Mchukue mume wangu, ana deni la adabu kwako."

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumapili yenye jua la upole. Baba mdogo alikuwa amepiga pasi suruali na kujinyoa mwenyewe, akajikata kidevu kwa wasiwasi. Walimvisha helmeti, wakamfunga mikanda, akatupungia mkono kama anayesafiri nchi ya mbali. Mama mdogo, Kombe na mimi tulipanda hadi juu ya kona ya tatu, tukasimama nyuma ya kamba pamoja na watu wengine.

Magari ya kale yalipita, mengine yanakohoa. Kisha likaja jeupe, mlango mmoja una rangi nyingine. Likapunguza mwendo mapema, likaingia, likanyooka, likakaza. Lilikuwa jambo la sekunde tano, sita. Watu wengi walikuwa wanatazama simu zao. Mama mdogo alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili, na gari lilipotokomea alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyekunywa maji baridi.

"Vipi, mama?" Kombe akamwuliza.

"Amechelewa kidogo kukanyaga breki. Uzee. Lakini mkono ni uleule."

Alisema hivyo, akajifuta macho, na safari hii Kombe hakumwuliza kuhusu nusu.

Tulimkuta baba mdogo amekaa juu ya tairi, helmeti mapajani, rangi imemtoka. Mzee alikuwa kando, anafuta kioo.

"Mnajua huyu mtu ana kasi?" baba mdogo akatuambia kwa sauti ya chini. "Miaka arobaini nasema amelala. Miti ilikuwa inanijia kama inanidai! Nimesoma dua zote ninazozijua, nikarudia."

"Utazitoa zile picha za Radi ulizobandika kule unakonyolea?" mama mdogo akauliza.

"Zile ni mapambo ya biashara," akajibu. "Usichanganye mambo."

Wiki mbili baadaye mama mmoja mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, aliingia karakanani. Nyuma yake vijana wawili wa teksi walikuwa wamebeba mito sita ya kochi. Akapiga chafya, akasalimia.

"Mimi ndiye wa taulo," akasema. "Nasikia umeiona mishono yangu. Usinicheke."

"Sikucheka, dada. Nimeifuata palepale ulipopita."

Wakapima mito, wakachagua kitambaa, wakabishana kidogo kuhusu rangi ya kahawia na ile inayofanana na kahawia. Mambo yalipokwisha yule mama hakuondoka. Alikuwa anaitazama picha ukutani.

"Nikuulize kitu," akasema, "maana yeye ukimwuliza anakujibu, 'Nilikuwa naendesha tu.' Miaka yote ile mimi nilikuwa nazima redio, napiga pasi mpaka warudi. Nguo zetu zilinyooka kuliko za mtaa mzima. Hivi kweli, alikuwa anajua kuendesha?"

Mama mdogo akaweka chaki chini. Akavuta vigoda viwili, kimoja akakipangusa vumbi la sponji kwa kiganja.

"Una haraka?"

"Mpaka jioni sina."

"Basi keti, dada."

Mito ile sita ilichelewa wiki nzima, na aliyeileta hakulalamika.